Ukumbi una viti 300, maombi 750: nani aingie kongamanoni, na kwa utaratibu upi?

#1 Njiro_Block_C
Wakuu salaam. Kamati ya maandalizi ya kongamano la mwaka la chama fulani cha kitaaluma (sitaji, msiniulize) imepata ukumbi wa viti 300 hapa Arusha. Walioomba wamefika 750. Utaratibu wa siku zote ni wa kuwahi: fomu inafunguliwa Jumatatu saa 2:00 asubuhi, 300 wa kwanza wanapewa namba ya malipo, wengine wanaambiwa mwakani. Dai langu ni kwamba kuwahi ndiyo njia mbovu kuliko zote, tuhamie kura ya bahati nasibu. Anayebisha abishe, ila aje na hesabu.

#2 KiboshoRoad
Nabisha. Kuwahi hakuna siri: saa imeandikwa, orodha imeandikwa, ukikosa umekosa. Kura ni kuwapa watu wasiojali nafasi sawa na wanaojali. Anayetaka kitu huamka mapema.

#3 Vocha_Kavu
#2 mkuu, saa 2:00 asubuhi haipimi nani anajali, inapima nani yuko mezani. Muuguzi wa zamu ya usiku muda huo anakabidhi wodi. Mwalimu yuko darasani. Aliyepo Longido anasubiri mtandao urudi. Bosi mwenye katibu muhtasi anajaziwa fomu na watu wawili kwa mpigo.

Halafu kuna mambo ya kiufundi ambayo kamati nyingi hazijui. Fomu ya Google haijifungi ikifika 300 kama hujaiwekea ukomo mapema. Usipouweka, lazima mtu akae anaangalia, na akichelewa dakika tatu unajikuta na 380. Muda unaoandikwa kwenye jedwali ni wa kubonyeza "tuma", si wa kufungua fomu, kwa hiyo mwenye maswali marefu ya kujaza kuhusu taasisi yake anapitwa na aliyeandika "binafsi". Na kama mipangilio ya jedwali imewekwa saa za nchi nyingine, orodha inaonyesha watu wameomba usiku wa manane, hapo ugomvi unaanza upya.

Kubwa zaidi ni malipo. Mkisema nafasi ni ya atakayelipa kwanza, mtu binafsi anatuma kwa simu ndani ya dakika mbili. Mtumishi wa umma anaandika dokezo, linapanda, linashuka na maoni, linatafutiwa fungu, ndipo masurufu yanaombwa. Wiki mbili zikienda vizuri. Mkikaribia Juni, fungu la safari lenyewe limeshakauka. Hapo hamjapima juhudi, mmepima mfumo wa malipo wa mwajiri.

#4 Chalii_wa_Sakina
Dokezo linapanda na maoni linashuka bila maoni 😂 endeleeni wakuu, nipo siti ya mbele.

#5 Namba_Nasibu
Naunga mkono kura, lakini kura ikifanywa ovyo ni mbaya kuliko kuwahi, kwa sababu kila aliyekosa ataamini mmechagua marafiki. Utaratibu unaohimili maswali ni huu.

Fungueni dirisha siku 10 nzima, mkiweka wazi kwamba wa siku ya kwanza na wa siku ya kumi wako sawa. Likifungwa, ondoeni majina yaliyojirudia kwa namba ya usajili wa taaluma, si kwa jina wala barua pepe (Neema J. Massawe na Massawe Neema ni mtu mmoja, na barua pepe mtu anaweza kuwa nazo nne). Pangeni orodha kwa namba ya usajili, mpeni kila mmoja namba ya mfululizo 1 hadi 750, mtangaze orodha hiyo KABLA ya droo ili aliyesahaulika alalamike mapema. Kisha ipatikane namba ya kuanzishia ambayo hakuna mwanakamati anayeweza kuipanga: dadu zinarushwa mbele ya watu, au mnatangaza wiki moja kabla kwamba mtatumia tarakimu za kiwango cha dola kitakachotolewa na Benki Kuu tarehe fulani. Programu inachanganya orodha kwa njia ya Fisher–Yates (majina yanabadilishana nafasi moja baada ya jingine kwa nasibu) kwa kutumia namba hiyo. Tajeni programu na toleo lake. Mtu yeyote mwenye orodha na namba anairudia nyumbani kwake na kupata mpangilio uleule.

Jambo ambalo wengi hukosea: msichague 300 tu mkaacha waliobaki kama rundo. Pangeni WOTE 750. Wa 301 ndiye wa kwanza kwenye orodha ya kusubiri, wa 302 ndiye wa pili. Droo moja, hakuna ya pili. Uchakachuaji mwingi hauko kwenye droo, uko kwenye nafasi zinazoachwa wazi wiki mbili baadaye, pale mtu anapoingizwa kwa simu.

#6 Sekei_Juu
Namba_Nasibu shukrani. Ila hayo yote ya nini? Excel ina RAND() ya kutoa namba za nasibu, unaweka safu, unapanga, umemaliza. Dakika moja.

#7 Namba_Nasibu
#6 RAND() inajikokotoa upya kila unapogusa jedwali. Unapanga, namba zinabadilika papo hapo, na huwezi tena kuonyesha kwamba mpangilio ulitokana na namba zipi. Ukifungua faili kesho, namba nyingine kabisa. Ukilazimika kuitumia, nakili safu na uibandike kama thamani tupu kwanza, ndipo upange. Na uchague jedwali zima. Ukipanga safu moja peke yake, majina yanaachana na taasisi zake, na barua zitaenda kwa watu wasio wao.

#8 BibiMahesabu
Na msidhani karatasi kwenye ndoo ni salama kwa kuwa zinaonekana. Marekani mwaka 1970 walipochagua vijana wa kwenda jeshini kwa tarehe za kuzaliwa, vidonge 366 viliingizwa mwezi baada ya mwezi bila kuchanganywa vya kutosha. Waliozaliwa Novemba na Desemba wakaangukia kwa wingi kwenye namba za mwanzo, na namba za mwanzo ndizo zilizoitwa.

#9 Sekei_Juu
Droo yenyewe ilikuwa tarehe 1 Desemba 1969. 1970 ni mwaka wa kuitwa. Na mimi nimepata cha kusahihisha leo 😄

#10 BibiMahesabu
Sawa kijana, umekubaliwa.

#11 Mama_Ushirika
Mnasahau watu wa Moshi. Ofisi ya watu watatu wanaotaka kushirikiana gari, kilomita 80 kuja na 80 kurudi. Kila mmoja akipigiwa kura peke yake kwa nafasi ya 40%, uwezekano wa wote watatu kupata ni 0.4 × 0.4 × 0.4, yaani 6.4%. Mara nyingi atapata mmoja, ataona safari ya peke yake haina maana, atajitoa. Kura ya mtu mmoja mmoja inazalisha viti vitupu. Ruhusuni kikundi kiombe kama kikundi, kipate wote au kikose wote.

#12 Namba_Nasibu
#11 ni kweli, lakini kikundi kinakuja na matatizo mawili. La kwanza, mlangoni pa mwisho: zimebaki nafasi 2, anayefuata ni kikundi cha watu 4. Mkikiruka mkampa mtu mmoja aliye nyuma yake, makundi makubwa yanaonewa kidogo kila mara. Mkiwaingiza wote mmezidi kwa viti 2. Amueni kabla ya droo, si baada ya kuona ni nani. La pili ni ujanja: A anaomba kwa niaba ya A na B, B anaomba kwa niaba ya B na A, wamepata tiketi mbili. Kila namba ya usajili ionekane kwenye kikundi KIMOJA. Ikionekana viwili, maombi yote mawili yatupwe.

Hata wakubwa walinaswa hapo. Viza za kazi za Marekani za H-1B, mtu aliyeandikishwa na waajiri watatu alikuwa na kura tatu. Mwaka 2024 wakageuza kura iwe kwa mtu, kwa pasipoti yake, hata awe na waajiri kumi.

#13 Vocha_Kavu
Kwa hapa kwetu kuna atakayesema tumieni namba ya NIDA. Msifanye hivyo. Tarakimu 20 za kitambulisho cha taifa kwenye jedwali linalozunguka WhatsApp, wakati Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo, ni kujitafutia kesi. Namba ya usajili wa taaluma inatosha, na ndiyo pekee mtakayoitangaza.

#14 KiboshoRoad
Mmeandika kurasa tatu ili kukwepa jambo rahisi. Pandisheni ada. Mkitoza mara mbili, 750 watakuwa 320, mtapumua.

#15 Mama_Ushirika
Watabaki wanaolipiwa na mwajiri. Ada si pesa ya mshiriki kwa wengi wetu, ni mstari kwenye bajeti ya taasisi. Shirika kubwa halitahisi hata ikizidishwa mara mbili. Atakayeng'oka ni wa kliniki ndogo ya Himo na mhitimu mpya anayejilipia. Mtapata ukumbi wa mameneja.

#16 Chalii_wa_Sakina
Na mameneja nao wanasaini asubuhi, saa 4 wako njiani kwenda Ngorongoro. Viti 300, vilivyokaliwa 140, kahawa imebaki.

#17 Daftari_la_Mahudhurio
Anachosema Chalii kinachekesha, ila ndipo penyewe. Pointi za kuhuisha leseni zinatolewa kwa kongamano zima kwa saini moja ya asubuhi, na ndiyo maana maombi ni 750. Toeni pointi kwa kila kikao: msimbo wa kuskani unaooneshwa kwenye skrini dakika tano za MWISHO za kikao, unabadilika kila kikao. (Ukioneshwa mwanzoni, unapigwa picha na kurushwa kwenye kikundi.) Halafu wanaofuatilia kwa mtandao wapewe pointi zilezile kwa kujibu maswali machache baada ya kikao. Wanaotaka pointi tu watabaki makwao, na hamtahitaji kura wala dadu.

#18 Vocha_Kavu
#17 umesahau posho. Ukifuatilia kwa mtandao hulipwi ya kujikimu. Maombi hayatashuka kwa kiasi hicho.

#19 Daftari_la_Mahudhurio
Basi tujue kwanza wangapi wanataka pointi na wangapi wanataka posho 🙂

#20 Mwl_wa_Takwimu
Naona hakuna aliyegusa mastahiki. Kwa nini mtu mwenye utafiti wa kuwasilisha apigiwe kura sawa na anayekuja kusikiliza? Paneli isome ikisiri (muhtasari wa utafiti) bila majina, wasomaji wawili kwa kila moja, alama 1 hadi 5, zikipishana kwa zaidi ya 2 aitwe wa tatu. Hata mbio za Boston huingii kwa kutaka tu. Una muda wa kufuzu, na kufuzu kwenyewe si hakika, wakizidi wanachukua waliokimbia chini ya muda huo kwa dakika nyingi zaidi.

#21 BibiMahesabu
Mwalimu, kwa watoa mada sawa. Kwa wasikilizaji mtapima nini? Barua ya "kwa nini unataka kuhudhuria"? Hiyo inapima nani anajua kuandika barua. Wasomaji wakitoa 4 kwa watu 200, tofauti ya aliyepata na aliyekosa ni desimali, na desimali hiyo ni uchovu wa msomaji. Uholanzi kwa miaka mingi waliingiza wanafunzi wa udaktari kwa kura yenye uzito: alama za juu zinakupa uwezekano mkubwa zaidi, ila kura inabaki. Ikafutwa 2017, na tangu 2023 vyuo vimeruhusiwa kuirudia. Hata wao hawajamaliza kubishana.

#22 Sekei_Juu
Hapo kwenye uzito ndipo pazuri. Aliyekosa mwaka jana apewe tiketi mbili mwaka huu. Nafasi yake inakuwa mara mbili, roho zinatulia.

#23 Mwl_wa_Takwimu
Tiketi mbili si nafasi mara mbili. Tuseme kati ya 750, waliokosa mwaka jana ni 450 na wapya ni 300. Ukichukua 300 bila kurudisha waliokwisha kutoka, mwenye tiketi moja anapata karibu 28%, mwenye mbili karibu 48%. Hakikisheni: 28% ya 300 ni 84, 48% ya 450 ni 216, jumla 300. Na kadiri waliokosa wanavyokuwa wengi, ndivyo tiketi ya pili inavyopungua thamani. Wote wakiwa na mbili, mmerudi mlipoanza.

Pia mtazaa waombaji hewa: watu wanaoomba mwaka ambao hawana mpango wa kuja, ili wakose na kulimbikiza. Dawa ni kwamba anayepata akakataa anarudi tiketi moja, na uzito usizidi mitatu.

#24 Sekei_Juu
Nimekoma kutoa hesabu hadharani. Asante Mwl.

#25 Mama_Ushirika
Na nafasi za upendeleo? Chama chetu kiliwahi kutenga viti kwa wanaohudhuria mara ya kwanza, lakini idadi yao ikabaki ileile ndogo. Hatukuelewa kwa nini.

#26 Mwl_wa_Takwimu
#25 angalieni mpangilio wa kujaza. Nafasi 10, waombaji 20, nusu wapya nusu wazoefu, na kwa urahisi tuseme droo imewapanga kwa kupishana: wa 1 mpya, wa 2 mzoefu, wa 3 mpya, na kuendelea. Mmetenga viti 4 kwa wapya.

Mkijaza vya wapya KWANZA, wanaingia namba 1, 3, 5, 7. Viti 6 vya wazi vinafuata mpangilio: 2, 4, 6, 8, 9, 10. Humo mpya ni mmoja tu, namba 9. Jumla wapya 5, wazoefu 5, sawasawa na ambavyo ingekuwa bila kutenga chochote. Mkijaza vya wazi kwanza (1 hadi 6, wapya 3), halafu vile 4 vya wapya, wapya wanakuwa 7. Viti vilevile, droo ileile. Kamati nyingi zinatangaza idadi ya viti vilivyotengwa na hazitangazi kipi kinajazwa kwanza.

#27 Vocha_Kavu
Hii #26 ingebandikwa ukutani kwa kila kamati.

Swali kwa mwenye uzi, kwa heshima: hizo 300 ni 300 kweli? Wadhamini, watoa mada, wageni rasmi, kamati yenyewe, wako ndani au nje?

#28 Njiro_Block_C
Wako ndani. Wadhamini 30, watoa mada 24, kamati na wahudumu 18, meza kuu na wageni rasmi 10.

#29 Vocha_Kavu
82. Zimebaki 218. Hesabu za 40% hapo juu zote zimeanguka. 218 kwa 750 ni 29%, na watu watatu wa Mama_Ushirika wanashuka hadi asilimia mbili na nusu hivi. Mnagombana njia ya kugawa 218 wakati 82 zimegawanywa bila njia yoyote. Tangazeni hiyo 82 kwa makundi yake kabla ya kufungua dirisha, na nafasi ya mdhamini isiyotumika siku 21 kabla irudi kwenye foleni, isigeuke zawadi ya shemeji.

#30 KiboshoRoad
Au chukueni ukumbi mkubwa AICC, kituo cha mikutano cha hapa Arusha, tumalize. Simba Hall inaingiza watu 2,000.

#31 Mnara_wa_Saa
Simba ni 1,350 wakuu, si 2,000. Na hiyo ni viti vya safu bila meza. Kongamano la kuandika na kompyuta linataka meza, na ukiweka meza ukumbi wowote unapoteza karibu nusu ya viti. Muulize mwenye ukumbi "300 kwa mpangilio upi" kabla ya kuiandika kwenye tangazo. Pia angalieni tarehe: wikiendi ya Kilimanjaro Marathon mwishoni mwa Februari, vyumba vya Moshi na vya huku vyote vimeshikwa.

#32 Chalii_wa_Sakina
Kili Marathon nao ni kuwahi, na hakuna anayelia. Nafasi zikijaa zimejaa.

#33 Mama_Ushirika
Wanalia sana, wewe hukimbii ndiyo maana huwasikii.

#34 Mnara_wa_Saa
Tukirudi kwenye viti vitupu. Kama kawaida yenu 15% ya waliothibitisha hawafiki, thibitisheni 340 kwa ukumbi wa 300. Wanaotarajiwa kufika ni 289, na kupotoka kwa kawaida (idadi inavyoyumba juu na chini ya hapo) ni kama watu 6 au 7. Uwezekano wa kuzidi 300 ni karibu 4%. Wekeni viti 10 vya akiba nyuma.

#35 Mwl_wa_Takwimu
Hesabu ni sahihi endapo kila mtu anaamua peke yake. Hawaamui peke yao. Taasisi moja ikifuta safari, wanaondoka 12 kwa pamoja; ikipata fedha, wanakuja 12 kwa pamoja. Mtawanyiko wa kweli ni mpana kuliko 6 au 7, kwa hiyo 4% yako inaweza kuwa 10% au zaidi. Wekeni ukomo wa watu kwa taasisi moja, wanne tuseme, ndipo hesabu ikaribie ukweli. Na 82 za juu zitoeni kwenye hesabu hiyo. Mgeni rasmi hakosi, na huja na watu wasioalikwa.

#36 Daftari_la_Mahudhurio
Kuhusu orodha ya kusubiri: aliyepata apewe siku 14 kuleta malipo au barua ya dhamana ya malipo kutoka kwa mwajiri, ili wa #3 wasionewe. Nafasi inayoachwa iende kwa anayefuata, apewe saa 72. Zikibaki wiki mbili, saa 24. Zikibaki siku tatu, pigeni simu kwa mpangilio, na aliyekosa kupokea mara mbili anarukwa. Andikeni saa ya kila simu. Kupeana nafasi mkononi kupigwe marufuku; "namtuma mwenzangu" ndiyo njia ya kupita foleni nzima.

#37 KiboshoRoad
Mwajiri amelipa, mtumishi ameugua, unamkataza kumtuma mwingine? Mwajiri atadai pesa yake.

#38 Daftari_la_Mahudhurio
Arudishiwe. Ikishindikana, mbadala atoke taasisi ileile na awe alishaomba kwenye dirisha. Zaidi ya hapo hapana.

#39 Njiro_Block_C
Asanteni wote. Napeleka kwenye kamati #5, #26 na #29. Ya #29 nitaisoma kwa sauti ya chini. Na siku ya pili watu wakipungua, waliokosa waruhusiwe kusubiri mlangoni?

#40 Mnara_wa_Saa
Waruhusiwe, kwa mpangilio wa droo. Saa 3:30 hesabuni viti vilivyo wazi, ingizeni idadi hiyo, fungeni mlango. Ila mwambieni mpishi mapema: sahani ni kwa viti, si kwa majina. Akiambiwa 300 apike 300, maana aliyechelewa akirudi saa 7 atakuta kiti chake kina mtu, na atakwenda moja kwa moja kwenye foleni ya chakula.